Sikwenda kumzika rafiki wa baba yangu asiye Muislamu. Nimekosea?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Naishi Majengo, hapa Moshi. Kulikuwa na mzee mmoja Mlutheri wa Marangu, rafiki wa marehemu baba yangu tangu ujana wao. Tulipomzika baba, yule mzee alisimama pembeni, kofia mkononi, mpaka tukamaliza kumsalia. Kisha akasogea akatupia udongo mara tatu kama alivyoona tunafanya. Nilikuwa kidato cha pili, na yeye ndiye aliyenilipia karo hadi nikamaliza. Kwake kukiwa na shughuli alikuwa akimwita baba kuchinja mbuzi ili sote tule. Baba alipoondoka, akawa ananiita mimi. Mzee amefariki, na wiki mbili zilizopita amezikwa kwake kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Mama yangu alipanda Marangu tangu siku ya kwanza. Mimi sikwenda, kwa kuwa kijana mmoja wa msikitini kwetu alitusambazia sauti kwenye simu akisema Muislamu akihudhuria mazishi ya kafiri ametoka katika Uislamu. Tangu siku hiyo silali vizuri. Nilifanya sawa? Na sasa nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanangu, pole kwa msiba. Naanza na pole kwa sababu nadhani hujapewa. Wa Marangu walikungoja hukutokea, na wa msikitini waliokuzuia hawakuona kwamba na wewe umefiwa.

Kwenda kulijuzu. Na kwa mtu aliyekulea hivyo, kwenda kulikuwa katika wema anaokudai. Tulichokatazwa ni kushiriki ibada yao, na kumwombea maghfira, yaani msamaha wa Mungu, aliyefariki nje ya Uislamu (At-Tawba, aya ya 113). Hayo hukuyauliza, na sina haja ya kuyarefusha.

Nitakaa kwenye ile sauti, maana imenifikia na mimi, tena zaidi ya mara moja. Mkoa huu si mahali pa kuchezea maneno kama hayo. Ukoo mmoja una kaka Mlutheri, dada Mkatoliki na mdogo wao Muislamu, na kihamba ni kimoja. Anayesema kwenda mazikoni ni kuritadi anamwambia Muislamu huyo amtazame ndugu yake wa damu akibebwa na majirani.

Kijana ameshika aya ya 84 ya At-Tawba: usimsalie yeyote katika wao akifa, wala usisimame kaburini kwake. “Katika wao” ni akina nani? Aya inazungumzia wanafiki waliobaki nyuma wenzao walipokwenda vitani na kuupiga vita Uislamu kutoka ndani, na iliteremka baada ya Mtume (s.a.w.) kumsalia Abdullah bin Ubayy, kiongozi wao. Kumsalia asiye Muislamu haturuhusu, na kusimama kaburini kunakokatazwa ni kule kwa kumwombea. Ama kuhudhuria tu, ningependa kijana anieleze: Abu Talib, ami yake Mtume, alipofariki bila kusilimu, Mtume alimwambia Ali aende akamzike baba yake. Ali alimzikaje baba yake bila kufika kaburini?

Atasema Ali alikuwa mtoto wa marehemu. Sawa. Mama yake al-Harith bin Abi Rabia alikufa akiwa Mkristo, na imepokewa kutoka kwa ash-Shaabi, mwanachuoni wa kizazi kilichofuata masahaba, kwamba masahaba waliandamana na jeneza lake. Wale hawakuwa watoto wake. Na katika Bukhari na Muslim, Sahl bin Hunayf na Qays bin Saad walikuwa wameketi Qadisiyya, likapita jeneza, wakasimama. Wakaambiwa huyu ni katika watu wa dhimma, yaani wasio Waislamu walioishi chini ya ulinzi wa Waislamu. Wakajibu kwamba Mtume alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, na alipoambiwa ni la Myahudi, akauliza: “Je, si nafsi?”

Sisi huku ni Mashafii. Imam Shafii, aliyefariki mwaka 204 Hijria, aliruhusu Muislamu amwoshe jamaa yake asiye Muislamu, afuate jeneza lake na amzike, ila asimsalie. Sifichi kwamba Imam Malik aliona vingine: hakutaka mtu amfuate hata baba yake, isipokuwa akichelea maiti asiachwe bila wa kumsitiri. Ni rai ya mwanachuoni mkubwa na ina heshima yake. Lakini Malik hakumtoa mtu katika dini kwa jambo hilo. Kijana wa kwenye simu amemtoa, na Mtume ametuonya kwamba anayemwita nduguye kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao. Naogopa kwa ajili yake. Ukimwona mfikishie hilo kwa upole, na umwambie mlango wangu uko wazi.

Mimi hata bila vitabu ningekurudisha kwenye kaburi la baba yako. Yule mzee hakuswali nanyi, na hakuna aliyemtaka aswali. Alingoja. Ilipokuja zamu ya udongo, akachukua udongo. Je, kanisani kwake walisema amesilimu? Na nyinyi mlidhani amesilimu? Kila mmoja pale alijua amekuja kumzika rafiki yake. Aya ya 8 ya Al-Mumtahina inasema Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Mtu aliyelipa karo ya yatima wa Kiislamu, kama hakuingia katika aya hii, ataingia nani?

Msiba mwingine ukitokea, na utatokea, fanya hivi. Nenda mapema, beba viti, funga turubai, shika jembe. Ibada ikianza kaa nje au nyuma. Wakisimama, simama kwa adabu, bila kuitikia amina. Mishumaa na mashada waachie wenyewe. Mbege, ile pombe ya ndizi, ikianza kuzunguka, aga. Wachaga wanatujua, watakuletea chai kabla hujaomba. Ukipewa nafasi ya kuzungumza, eleza wema wake kama ulivyouona, maana huo ni ushahidi wa kweli. “Apumzike kwa amani” usiseme. Sema na walio hai: poleni sana, Mungu awape subira. Na asiwepo Muislamu wa kumwambia mjane mumewe yuko wapi sasa. Hilo hatukuulizwa.

Sasa wewe. Katika madhehebu yetu taazia, yaani kuwapa pole wafiwa, ni siku tatu, na baada ya hapo inachukiza kwa kuwa inaamsha huzuni iliyokwisha tulia, isipokuwa kwa aliyekuwa mbali. Wewe ulikuwa Majengo, lakini ulizuiliwa, na mimi nakuhesabu kama aliyekuwa safarini. Wako pia Mashafii walioona taazia haina mwisho. Nenda wiki hii. Ongozana na mama yako. Yeye hakumuuliza mtu, akafunga kanga yake akapanda Marangu, na fiqhi yake ilikuwa sahihi kuliko ya yule kijana. Chukueni sukari, mchele, majani ya chai. Ukifika usimsomee mjane dalili hizi zote. Hana haja nazo. Mwambie: mama, niliambiwa vibaya nikasikiliza, nisamehe. Akilia, mwache alie. Akikupeleka migombani kukuonyesha kaburi, mfuate, simama naye mpaka atakapogeuka mwenyewe.

Kisha muulize watoto wake wanarudi lini nyumbani, na siku hiyo nani atachinja. Kama hajapatikana mtu, mwambie utakuja na kisu.

Wallahu aalam.