Usilipe kilemba Kariakoo kabla hujalisoma jengo

Dada mmoja kutoka Morogoro ameandika kuuliza kama fremu ya duka aliyoonyeshwa Mtaa wa Swahili, Kariakoo, iko sehemu nzuri. Kodi ni milioni moja na nusu kwa mwezi. Ni fremu ya mbele kwenye nyumba ya chini, ile ya bati ya vyumba sita. Mpangaji aliyemo anataka kilemba, yaani hela ya kuachia fremu, cha milioni 24 ndipo atoke, na dalali anasema kuna mtu mwingine anakuja na hela kesho asubuhi. Huyo mtu wa kesho asubuhi yupo Kariakoo nzima na hajawahi kufika.

Sehemu ni nzuri, dada. Kwa mwenye bidhaa inayofaa, Kariakoo karibu kila sehemu ni nzuri. Ila kilemba hulipii sehemu, unalipia muda wa kukaa hapo, na muda huo linao jengo. Kabla ya kuuliza wateja wanapita wangapi, uliza jengo limebakiza miaka mingapi na nani ana mamlaka ya kukutoa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayorukwa. Gawa kilemba kwa miezi ya mkataba, kisha ujumlishe na kodi. Milioni 24 kwa mkataba wa miezi 24 ni milioni moja kila mwezi, kwa hiyo fremu ya milioni 1.5 ni fremu ya milioni 2.5. Nyumba ikiuzwa na kuvunjwa baada ya miezi kumi, kilemba kinakuwa kimekula milioni 2.4 kwa mwezi na fremu imekugharimu milioni 3.9. Kama faida yako ni asilimia 20 ya mauzo, ilibidi uuze milioni 19.5 kila mwezi kulipia mlango peke yake, kabla ya kijana wa dukani, umeme na usafiri wa mzigo. Wengi wanaosema Kariakoo imewashinda walishindwa na hesabu hii, wala si na wateja.

Sasa jengo lenyewe. Viwanja vya Kariakoo vilipimwa kwa ajili ya nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, choo na jiko uani. Wakati wa mkoloni huku ndiko kulikuwa Uswahilini, na kuvuka Mnazi Mmoja ni Uhindini. Leo kiwanja kilekile kinabeba ghorofa nane au kumi, fremu zimejaa chini na ghorofa ya kwanza, juu ni stoo. Kwa sababu hiyo nyumba ya chini iliyobaki katikati ya maghorofa haihesabiwi tena kama nyumba. Ni kiwanja kinachosubiri bei. Mara nyingi familia haiuzi moja kwa moja, inaingia ubia: mwekezaji anajenga kwa hela yake, familia inapewa ghorofa kadhaa au sehemu ya kodi, na mwekezaji anachukua zilizobaki kwa miaka waliyokubaliana. Siku ubia unasainiwa, mpangaji wa fremu ya mbele ndiye wa mwisho kuambiwa.

Dalili zipo. Mwenye nyumba aliyezoea kuchukua kodi ya mwaka anaanza kutaka ya miezi sita, kisha mitatu. Bati linavuja na hataki kugusa. Vyumba vya uani vimehamwa, na mlango wa ukumbi una kufuli jipya. Wamekuja watu na mashine ya kuchimba tundu jembamba uani kuchukua udongo, na hao hawachimbi kisima, wanapima udongo wa kubeba ghorofa. Kiwanja cha jirani kimezungushiwa mabati. Ukiona mbili kati ya hizi kwa pamoja, usilipe kilemba hata senti. Lipa kodi tu, tena ya muda mfupi.

Pia angalia nani anasaini. Nyumba nyingi za Kariakoo ni za urithi. Kama aliyeandikwa kwenye hati amefariki, wa kusaini mkataba ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa hatoshi, wala shangazi anayekusanya kodi. Omba nakala ya barua ya usimamizi, halafu uende ofisi ya ardhi ukafanyie hati upekuzi rasmi. Hapo utaona jina la mmiliki, kama hati imewekwa rehani benki, kama kuna zuio la mahakama, na muda wa hati unaisha lini. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na ya zamani inaweza kuwa imebakiza kidogo. Dalali atakwambia upekuzi ni kupoteza muda. Yeye anachukua kodi ya mwezi mmoja siku unayolipa, mengine hayamhusu.

Ukivuka Mnazi Mmoja kuelekea katikati ya mji, kusoma jengo kunabadilika. Maghorofa mengi ya zamani ya Samora, Indira Gandhi na mitaa ya jirani yalitaifishwa kwa sheria ya mwaka 1971, iliyochukua majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Yalikaa chini ya Msajili wa Majumba hadi mwaka 1990, yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Huko mwenye nyumba anajulikana na hatakufa akaacha ugomvi wa mirathi. Hatari iko kwingine. Mpangaji wa miaka mingi anakupangisha kwa mlango wa nyuma na kuchukua kilemba chako, ilhali mkataba wake na Shirika haumruhusu. Ukija uhakiki wa wapangaji, jina lako halipo popote. Bango la duka liwe lako, leseni iwe yako, bado wewe si mpangaji. Dawa ni moja: mkataba wa jina lako kutoka ofisi ya Shirika, au uache. Na usiamini kwamba jengo la Shirika halivunjwi. Nalo hujenga upya kwa ubia na wawekezaji binafsi, na viwanja vya katikati ya mji ndivyo wanavyovitaka.

Uhai wa jengo si umiliki tu, ni nguzo pia. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, likaua watu zaidi ya 25, na serikali ikaunda kamati ya kukagua majengo ya eneo zima. Kabla ya hapo, Machi 2013, lilianguka ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi. Huhitaji kuwa mhandisi kuona mambo ya msingi. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta, zisizo na mwelekeo, ni za kawaida. Ufa unaoanzia kona ya mlango au dirisha na kupanda mshazari ni habari nyingine: huenda upande mmoja wa jengo unashuka. Ufa wa wima kwenye nguzo, au saruji inayomeguka na kuacha nondo yenye kutu, unatosha kukufanya uondoke. Kwa ufa wenye shaka, piga mstari wa penseli kukatiza katikati yake, andika tarehe na upana kwa milimita, urudi baada ya wiki mbili. Ukikuta umepanuka, usibishane na mtu.

Kibaya kuliko nyufa ni kazi inayoendelea chini watu wakiwa ndani. Tamaa ya fremu inawafanya wenye majengo wachimbe chini ya ghorofa lililokwisha kusimama ili wapate sakafu nyingine ya biashara, au wavunje ukuta kati ya fremu mbili bila kujua kama ule ukuta umebeba jengo. Ukisikia nyundo na kuona tifutifu inatolewa kwa viroba usiku, uliza kibali na jina la mhandisi. Jengo lenye kazi halali lina bango lenye majina ya mkandarasi, msanifu na mhandisi. Kama hakuna bango, hakuna wa kumuuliza siku jengo likilia.

Umeme nao. Mita moja ya Luku ya njia moja, ampea 60, inabeba takriban kilowati 13.8. Jengo likikatwa fremu 20 na kila moja ikatumia kilowati moja kwa taa, feni na friji dogo, mzigo umefika 20. Breka inaanza kukata saa nane mchana, fundi wa mtaani anaweka kubwa zaidi ili isikate, na waya unabaki uleule. Moto unaanzia hapo. Dai mita yako mwenyewe. Fungua soketi moja uangalie waya: milimita 2.5 za mraba kwa soketi, 1.5 kwa taa, 4 kwa kiyoyozi. Ukikuta 1.5 inalisha soketi, gharama ya kutandaza upya ikatwe kwenye kodi na iandikwe. Weka mtungi wa zimamoto wa unga wa kilo 6 karibu na mlango, si nyuma ya mzigo, na namba 114 iandikwe ukutani. Soko kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, na aliyekuwa na bidhaa bila bima alipoteza vyote.

Maji hayahitaji maneno mengi. Mabomba ya majitaka yaliyowekwa kwa nyumba za vyumba sita sasa yanapokea ghorofa kumi, kwa hiyo chemba zinafumuka. Nenda kuangalia fremu siku ya mvua za masika, au siku moja baada yake. Tafuta mstari wa uchafu ukutani, inchi chache juu ya sakafu. Ukiuona, mzigo wako wote ukae juu ya mbao, sentimita 20 kutoka chini.

Halafu mtaa. Bidhaa Kariakoo zina makazi yake: kanga na vitenge Uhuru, simu na vifaa vyake Aggrey, vyuma na vipuri Gerezani, nguo Congo. Ukifungua duka la viatu katikati ya wauza simu utakuwa na fremu nzuri isiyotafutwa. Makazi hayo yanahama taratibu. Ukiona fremu tatu za bidhaa moja zimefungwa mfululizo na mbili za bidhaa nyingine zimefunguliwa mahali pake, mtaa unabadilisha kabila. Wa kumuuliza ni machinga aliyepanga mbele ya fremu, maana yeye huhamia mteja anakoelekea kabla mwenye duka hajashtuka.

Kuhesabu watu kuna namna yake. Simama dakika 15 saa nne asubuhi, saa nane na saa kumi na moja, Jumanne na Jumamosi, katikati ya mwezi na mwisho wake. Usihesabu wapitao. Hesabu walioshika mifuko, kwa sababu wasio na mifuko wanakwenda kupanda mwendokasi. Desemba na siku za mwisho za Ramadhani usizitumie kabisa kupima, hata jaa la takataka lingeuza.

Uliza pia mtaa unalishwa na nani. Samora ilikuwa ikilishwa pia na watumishi wa wizara: chakula cha mchana, fotokopi, steshenari. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma na wizara zikaanza kuondoka, maghorofa yalibaki palepale lakini tumbo la saa saba likahama. Kariakoo inalishwa na wanunuzi wa jumla wa mikoani na nchi jirani, na kituo kikubwa cha biashara kilichofunguliwa Ubungo mwaka 2025 kinawalenga watu haohao. Anayeuza jumla na asilitazame hilo anajidanganya. Wa rejareja ana nafasi zaidi, hasa akiwa na mawinga wazuri, wale wanaomtafutia na kumletea wateja. Fremu ya ghorofa ya kwanza yenye kodi ndogo inaweza kuuza vizuri kwa mawinga, mradi ukubali kwamba winga anaweka cha juu chake, na bei yako ya mwisho aijue kabla hajamleta mteja. Tazama pia gari la mzigo litasimama wapi. Msimbazi katikati ni njia ya mwendokasi, kwa hiyo kirikuu au guta litaingilia mtaa wa nyuma, na wabebaji wanalipwa kwa kila safari.

Ukiridhika na yote hayo, njoo kwenye karatasi. Kilemba kiandikwe kwenye makubaliano ya watu watatu: anayetoka, anayeingia na mwenye nyumba. Iandikwe kwamba nyumba ikiuzwa, ikivunjwa au ikiingia ubia kabla ya muda, sehemu ya kilemba ya miezi iliyobaki inarudi, na notisi isipungue miezi mitatu. Asiyetaka kuandika hivyo anajua jambo usilolijua. Kodi ya pango isemwe kama ni kabla au baada ya kodi ya zuio. Mpangaji wa biashara hukata asilimia 10 ya kodi na kuipeleka TRA. Mwenye nyumba akitaka milioni 1.5 kamili mkononi, kodi halisi ni 1,666,667, na tofauti unaibeba wewe. Ushuru wa stempu ni asilimia moja ya kodi ya mwaka, yaani 180,000 kwa kodi ya milioni 18. Bila mkataba uliolipiwa ushuru huo utasumbuka kwenye TIN na leseni, na ukifika mahakamani karatasi yako haitapokelewa mpaka ulipe ushuru na adhabu yake.

Siku ya kukabidhiwa piga picha za kuta, sakafu, mita ya Luku na namba yake, na uhakikishe mita haina deni. Badilisha kufuli siku hiyohiyo. Anayetoka huwa amebaki na funguo nakala, na dalali naye anayo yake.