Muulize Fundi: Klima Hainywi Gazi

Barua za safari hii karibu zote ni za klima, yaani kipoza hewa cha gari, na shofaje, kile kinachopasha hewa joto. Si ajabu, joto la mwezi wa kumi limeingia Lubumbashi, na wale walioandika juu ya baridi ya mwezi wa saba bado wanangoja majibu yao, basi tuchanganye zote. Majina tunaacha, tunaweka mtaa tu.

Fundi jambo. Mi ni shofere wa takisi, natumika na Toyota IST volani kuume. Kila nikiweka gazi klima inapiga baridi safi, kiisha wiki mbili tatu inakuwa paka upepo tu. Ku garaje wananiambia ni kawaida, klima inakula gazi sawa vile motere (injini) inakula esanse (petroli). Ni kweli? Juu makuta inaniishia. Shofere, Kamalondo

Kaka shofere, si kweli hata kidogo, na anayekuambia hivyo ama hajui kazi ama anaijua sana. Gazi ya klima haiungui na haiishi kwa kutumika. Inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresere inaikamua inakuwa moto na presha kali, inaingia kondansere pale mbele ya radiatere, inapoa na kugeuka maji, inapita kwenye valvu yenye tundu dogo sana, presha inaanguka ghafla, inaingia evaporatere nyuma ya tablo (dashibodi) na pale njo inachemka. Ndiyo, inachemka, na bado ni baridi. R134a, gazi ya gari nyingi tunazoendesha hapa, ikiachwa wazi inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na kitu kikichemka lazima kivute joto kutoka kwa kilicho karibu nacho, ni ile baridi unayosikia muuguzi akikupaka alkoli kabla ya sindano. Hewa ya vantilatere (feni ya ndani) ikipita pale inanyang'anywa joto lake na wewe unasema klima inapiga. Kiisha gazi inarudi kompresere, ileile, inaanza upya.

Gari ndogo kama yako inabeba gramu 400, 500 hivi, kiasi chenyewe kimeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa chini ya kapo (boneti), na kama zimepungua zimetokea mahali. Gari ikikaa miaka mingi inapoteza kidogo kupitia mipira yake, hiyo nakubali, lakini wiki tatu? Hapo kuna tundu kaka, na kila mara unaweka gazi juu ya tundu.

Sasa namna ya kulitafuta. Mafuta ya kompresere yanatembea pamoja na gazi, kwa hiyo pale gazi inapotorokea mafuta yanabaki nje, na vumbi letu jekundu linanasa hapohapo. Fungua kapo, chukua tochi, fuata bomba moja moja: sehemu kavu vumbi lake ni jepesi, ukipuliza linaruka, lakini ukikuta kiraka kimegandamana, cheusi kidogo, kinateleza ukikigusa kwa kidole, simama hapo. Paka povu la sabuni klima ikiwa inazunguka. Angalia kwanza uso wa kondansere maana ukifuata malori ya migodi barabara ya Likasi kondansere yako njo inapokea mawe yote, kiisha maungio ya mabomba, kiisha pua ya kompresere pale mkanda unapozungusha puli, na tafadhali usisahau vile vivalvu viwili wanapochomeka manometre, saa ya kupima presha. Vingi nimeviona havina hata kifuniko! Kifuniko cha plastiki cha bure kimepotea na mtu analipa gazi kila mwezi.

Ukikosa nje, tundu linaweza kuwa kwenye evaporatere ndani ya tablo, hapo watumie azoti (naitrojeni) kujaza presha na kusikiliza, au ile rangi inayong'aa chini ya taa ya zambarau. Azoti nimesema. Wako mafundi wanaochukua chupa ya oksijeni ya kuchomelea vyuma, hiyo kimbia nayo mbali, oksijeni ya presha ikikutana na mafuta inalipuka.

Na usikubali kupimiwa gazi motere ikiwa imezimwa. Hapo kuna ujanja mwingi sana, au ujinga, sijui nichague gani. Nje kukiwa nyuzi 30, klima iliyolala itaonyesha karibu bar 6 na nusu ikiwa na gramu zote na itaonyesha hivyohivyo ikiwa nusu, mradi bado kuna gazi ya maji-maji ndani, kwa sababu presha hiyo inafuata joto, haifuati wingi. Lazima motere iwake, klima iwe juu, ndipo usome pande mbili. Kwa joto hilo upande wa buluu, wa presha ndogo, tunatarajia bar 2 hadi 3, upande mwekundu, wa presha kali, 12 hadi 17 hivi. Zote mbili zikiwa chini, gazi ni kidogo. Zote zikiwa juu, mara nyingi gazi imezidi au kondansere haipati upepo. Buluu ikipanda na nyekundu ikishuka mpaka zinakaribia kuwa sawa, kompresere haikamui tena. Buluu ikizama mpaka chini ya sifuri, kuna kitu kimeziba njiani, mara nyingi ile valvu ndogo.

Tundu likishazibwa, waambie wavute hewa yote kwa pompe kwa nusu saa au zaidi kabla ya kuweka gazi, kwa mizani, si kwa macho. Unyevu ukibaki ndani unaweza kuganda barafu kwenye valvu, na ukichanganyika na gazi na mafuta unakuwa asidi inayokula vyuma polepole. Kile kichupa cha kukausha unyevu kibadilishwe pia kama mfumo ulikaa wazi. Itakugharimu zaidi ya kuweka gazi ya leo, lakini si zaidi ya kuweka gazi mwaka mzima.

Ku barabara ya Likasi klima inaganda mpaka mama watoto anaomba nipunguze, lakini tukifika ku foleni, au kule mpakani Kasumbalesa kungoja, inakuwa moto. Gazi iko? Papa, Ruashi

Papa, gazi iko, usiwape nafasi ya kukuuzia. Gari ikikimbia upepo wa barabara unapoza kondansere bure, ikisimama kazi ni ya feni, na yako haifanyi. Washa klima gari ikiwa imesimama, angalia mbele ya radiatere: feni isipozunguka jaribu fuzibu, relé, waya, kiisha mota yenyewe. Kama inazunguka vizuri basi kondansere imejaa udongo na wadudu, ioshe kwa maji ya presha ndogo kutoka ndani kwenda nje, presha kali inalaza vile vibati vyembamba. Usichelewe lakini, feni hiyo kwenye gari nyingi njo inayopoza motere pia.

Fundi, mi ni mama wa mtaa wa Golf. Asubuhi ya mwezi wa saba nikipeleka batoto ku masomo, mu gari ni baridi kabisa na paribrize (kioo cha mbele) inajaa mvuke, naweka shofaje mpaka mwisho hewa inatoka baridi mpaka tunafika. Mwaka jana gari ilichemka, fundi alitengeneza, toka pale haijachemka tena, njo maana sitaki kumkosea. Shofaje imekufa?

Mama, shofaje yako nadhani ni nzima, nina wasiwasi na huyo fundi. Angalia kwanza mshale wa joto kwenye tablo. Ukikuta unabaki chini muda mrefu, unapanda kidogo kwenye foleni na ukikimbia barabara nzuri unashuka tena, basi aliing'oa termosta. Ni dawa ya magaraje mengi hapa: gari imechemka, toa termosta, "huku Afrika ni joto, hiyo ni kitu ya Wazungu". Mwenye gari anafurahi kwa sababu haichemki.

Termosta haina habari na joto la nje. Kazi yake ni kufunga maji yasiende radiatere mpaka motere ifike kwenye nyuzi 82 hivi au zaidi kidogo, kiisha inafungua polepole na kuiweka motere karibu na 90, pale ilipotengenezwa kufanyia kazi. Ukiitoa, maji yanakimbia radiatere tangu dakika ya kwanza, motere inatembea baridi, inakunywa esanse zaidi na vyuma vinalika haraka zaidi. Na shofaje ya gari haina moto wake wenyewe, inaazima joto la maji ya motere kupitia radiatere ndogo iliyo nyuma ya tablo. Maji yakiwa ya vuguvugu asubuhi ya chini ya nyuzi 10, hewa itoke moto wapi?

Kibaya zaidi, kilichochemsha gari mwaka jana kimefichwa tu. Ni radiatere iliyoziba? Pompe ya maji? Feni? Na kwenye motere kadhaa, Toyota nyingi zimo, termosta ikifunguka inaziba pia njia ya mkato ya maji, kwa hiyo ukiing'oa sehemu ya maji inazunguka bila kupita radiatere kamwe, na siku utapanda mlima na mzigo itachemka na bila termosta. Rudisha termosta mpya, ya nyuzi zilezile za kiwanda, halafu mtafute ugonjwa wenyewe.

Kama mshale unapanda sawasawa na bado hewa ni baridi, fanya hivi: motere ikiwa moto, shofaje wazi, mwambie mtu aguse kwa uangalifu mipira miwili ya maji inayopita kwenye ukuta ulio kati ya motere na tablo, kutoka kwenye motere kwenda ndani. Yote moto, basi ni kile kifuniko cha ndani kinachochanganya hewa moto na baridi ndicho kimekwama. Mmoja moto mmoja baridi, radiatere ndogo imeziba, na huku inaziba sana kwa sababu watu wanajaza maji ya bomba miaka na miaka, inakuwa kutu na matope, badala ya likide ya radiatere. Yote baridi, kuna hewa imenasa au maji yamepungua, na hiyo mama ichukulie kwa uzito, shofaje kupoa ghafla ni moja ya dalili za mwanzo kwamba gari inapoteza maji. Kifuniko cha radiatere usikifungue ikiwa moto, hata kwa haraka ya namna gani. Mara nyingine utakuta mipira hiyo miwili imeunganishwa mmoja kwa mwingine kwa kipande cha bomba, mtu aliona radiatere ndogo inavuja akaamua kuiruka na hakukuambia.

Kuhusu mvuke wa paribrize, washa klima pamoja na shofaje. Najua inaonekana kichekesho, baridi na moto kwa wakati mmoja, lakini evaporatere inakausha hewa kwanza, shofaje inaipasha baadaye, kioo kinasafika haraka. Na uchague hewa ya nje, si ile ya kuzungusha ya ndani, maana pumzi za watoto wanne zinabaki humohumo. Faida nyingine, kuiwasha dakika kumi hivi kila mwezi wakati wa baridi kunapaka mafuta mpira wa kuziba wa kompresere usikauke ukapasuka. Wengi wanaizima mwezi wa tano, wakiigusa mwezi wa tisa gazi imeshaondoka.

Ku Noah yangu maji inajaa ku miguu ya abiria wa mbele. Mvua haijanyesha. Ni nini? Kampemba

Yanuse, yaguse. Yakiwa safi, hayana harufu, na yanakuja tu ukiwasha klima, ni unyevu wa hewa uliogeuka maji kwenye evaporatere na kamrija ka kuutoa chini ya gari kameziba. Kazibue na waya laini au upepo, kazi ya kitambo kidogo. Yakiwa na rangi, yanateleza, yananuka utamu-utamu, na kioo kinapata ukungu wenye mafuta, ni radiatere ndogo ya shofaje inavuja na gari itakuja kuchemka.

Nimepata kopo la R1234yf kwa bei nzuri. Naweza kuongezea ku gari yangu ya R134a? Mtaa wa Kenya

Hapana. Kila gazi na mfumo wake na mafuta yake, hata vichomeo vya valvu wamevifanya tofauti makusudi. Ile ya zamani R12 iliachwa kwa sababu ya ozoni baada ya Itifaki ya Montreal ya 1987, R134a ikachukua nafasi, nayo Ulaya ikaifungia mlango kwenye gari mpya kutoka 2017 kwa kuwa inapasha joto dunia, ndipo R1234yf ikaenea. Hii mpya inaweza kushika moto kidogo. Na kwa wanaouliza gazi ya jikoni, hiyo inashika moto sana, na evaporatere iko mbele ya magoti yako. Kama gari ni ya haibridi yenye kompresere ya umeme mwangalie fundi hata mafuta anayoweka, yale ya kawaida yanaweza kupitisha umeme.

Vantilatere yangu inafanya ku namba 4 tu, 1, 2, 3 hakuna kitu. Katuba

Resistansi, kile kipande kinachopunguza umeme wa mota, imeungua. Namba 4 inapata umeme moja kwa moja, zile nyingine zinapitia kwenye resistansi, kwa hiyo 4 inabaki peke yake. Iko karibu na mota ya vantilatere, nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria, skrubu mbili na plagi, haina bei kubwa. Ila kabla ya kufunga mpya zungusha mota kwa mkono. Ikiwa nzito, au imejaa takataka, inavuta umeme mwingi na itaiunguza hata hiyo mpya, na mwezi huu jakaranda zikimwaga maua mimi nayatoa humo kwa viganja. Ukiwa hapo toa na filitre ya hewa, kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya kisanduku hichohicho, ukiikuta nyekundu kama barabara ya Kasenga usiipige-pige ukutani ukairudisha, nunua nyingine.