Mama mkwe hukatiza simulizi palepale

*Shangazi, mama mkwe wangu ni Myahudi wa Amsterdam, ana miaka 88. Mwaka 1943, Wanazi walipokuwa wakiwasaka Wayahudi, alifichwa kwa wakulima wa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Wazazi wake hawakurudi. Akisimulia, hukatiza palepale mama yake anapomkabidhi kwa mtu asiyemjua. Sasa kumbukumbu zinaanza kumponyoka, na mume wangu ananikataza kumsumbua. Nimrekodi au niache? – Mkwe, Utrecht*

Mwanangu, mwenye kauli hapo ni mama mwenyewe. Muulize kama anataka kurekodiwa, nani asikilize, na lipi lisitoke nje ya nyumba. Akikubali, liandikeni, atie sahihi.

Usianzie siku ile ya kutenganishwa. Anza na nyumba yao: mtaa upi, Ijumaa jioni nani aliwasha mishumaa ya Sabato, alilala na nani. Mtoto wa miaka sita hashiki tarehe. Hushika harufu, viatu, sauti ya mlango. Ukimsahihisha mwaka katikati ya maneno atajifunga, na mwaka utaupata kwenye nyaraka. Akinyamaza, nyamaza naye. Kaeni asubuhi, dakika 45 zinatosha; ukimuuliza jioni atalala na vita kichwani. Wala usiishie 1945. Watoto wengi waliofichwa Uholanzi walitenganishwa mara ya pili vita vilipokwisha, walipoondolewa kwa watu waliokwisha kuwaita baba na mama. Huenda hilo hajawahi kuulizwa.

Aongee Kiholanzi chake. Simu iweke hali ya ndegeni, juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 30 hivi kutoka mdomoni, mbali na jokofu. Rekodi dakika moja, isikilize, ndipo muendelee. Ukiweza tumia WAV, faili la sauti isiyobanwa. Saa moja ya chaneli moja, kilohezi 48 na biti 24, hula takriban megabaiti 520. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa, usiwe ndio nakala yako. Weka nakala tatu, moja nyumba nyingine. Picha za zamani ziskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), mbele na nyuma, na usizitie selotepu wala laminesheni: gundi haitoki tena.

Hifadhi ya Arolsen, Ujerumani, yenye nyaraka za walioteswa na Wanazi, hutafuta bila malipo. Wape jina la kuzaliwa, tarehe na mahali pa kuzaliwa vya kila mmoja wao, na jina la bandia alilopewa mama mafichoni. Lakini sikiliza: jibu linaweza kuja na tarehe ya treni iliyowatoa wazazi wake kambi ya Westerbork, Uholanzi, walikokusanywa Wayahudi kabla ya kupelekwa kambi za mauaji. Muulize kabla kama anataka kuijua. Akisema hapana, ifunge kwenye bahasha.

Na wale wakulima? Angalia kama Yad Vashem ya Jerusalem, taasisi ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, imewatambua kuwa Waadilifu wa Mataifa, heshima ya wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi. Kama bado, ombi hilo hutegemea sana ushahidi wa aliyeokolewa, naye unaye hapo nyumbani. Kwa hiyo kikao cha kwanza, kabla ya mengine yote, pata majina yao na jina la kijiji.