Soma za ajabu, kisha uandike za kwenu

Mdogo wangu, umeuliza kama riwaya za kisayansi na za ajabu unazozipenda zinakusaidia kuwa mwandishi, maana kaka yako anasema ni hadithi za watoto. Zinakusaidia sana, tena usione haya. Shaaban Robert alipotoa riwaya yake Kusadikika mwaka 1951, nchi aliyoibuni inaelea angani. Lakini angalia anachofanya humo: mhusika wake mkuu, Karama, yuko kizimbani, na utetezi wake ni visa vya wajumbe waliotumwa nchi za jirani, wakarudi na mambo mema, wakatupwa gerezani. Nchi ni ya kubuni. Dhuluma ni ileile tunayoijua. Hilo ndilo la kujifunza.

Kwa hiyo usisome kwa kufuata safari tu. Kila kitabu kiulize: mwandishi amebadilisha jambo gani, na nani anaumia kwa badiliko hilo?

Halafu jaribu mwenyewe, na jambo moja tu. Tuseme kivuko cha Kigamboni kinapakia walio hai na waliokufa. Nauli ya marehemu analipa nani? Mkata tiketi akimwona mama yake kwenye foleni, atamdai? Hapo riwaya imeshaanza, na hujahitaji joka wala roketi.

Majina ya wahusika yawe ya huku kwetu, tafadhali. Naona wengi wanaiga hata baridi ya Ulaya, inaniuma. Andika tukio la huyo mkata tiketi kwanza, ukurasa mmoja, ramani ya ulimwengu wako itafuata.