Joto la injini ya kusaga: linaweza kukausha mahindi?

Swali: Fundi, habari za Kisumu. Nina kinu cha posho hapa Chwele, Bungoma. Injini ni ya dizeli, silinda moja, inapozwa kwa pipa la maji la lita 200, na inakunywa karibu lita mbili kwa saa. Ikifika adhuhuri pipa linafuka mvuke na bomba la moshi halisogeleki. Mwaka jana mvua ya Oktoba ilinikuta na mahindi yangu bado kwenye turubai, magunia manne yakaingia kuvu. Kijana mmoja wa jua kali anasema tuuelekeze moshi wa injini chini ya kitanda cha mahindi, yatakauka usiku mmoja. Mume wangu naye anataka kujua kama maji ya pipa yanafaa kuogea. Unatushauri nini?

Jibu: Mama, pole kwa hayo magunia manne. Nianze na moshi: usiuelekeze kwenye mahindi, hata kwa siku moja ya majaribio. Moshi wa dizeli una masizi na kemikali zinazosababisha saratani, nazo hushika kwenye punje na kuishia kwenye ugali wa wateja wako. Humo pia mna hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoua mtu aliyelala karibu nayo. Halafu ukilirefusha na kulikunja bomba la moshi, injini inashindwa kupumua, inapoteza nguvu na kula dizeli zaidi.

Ila wazo lenyewe la kijana ni zuri, na hesabu inamuunga mkono. Lita moja ya dizeli imebeba nishati inayokaribia yuniti 10 za stima. Lita zako mbili ni yuniti 20 kila saa. Kwa injini ndogo ya namna hiyo, kama yuniti tano ndizo zinazofika kwenye mkanda na kuzungusha kinu. Sita hivi zinaingia kwenye maji ya pipa, nyingine kiasi hichohicho zinatoka na moshi, na zilizobaki zinapotelea hewani kupitia mwili wa injini. Yaani unanunua dizeli, na robo tatu yake inapasha joto kibanda.

Mimi ningechukua joto la maji na kuuacha moshi uende zake. Moshi una joto kali, lakini kulivuna kunadai chuma kizuri, usafishaji wa masizi mara kwa mara na fundi anayejua anachofanya. Maji hayazidi nyuzi mia, na mahindi hayahitaji zaidi ya hapo. Mahindi ya kula yasipashwe kupita nyuzi 60 hivi, na ya mbegu yasivuke 43, la sivyo hayataota.

Tafuta radieta kuukuu ya gari isiyovuja. Mafundi wa Kibuye huku kwetu wanazo, na Bungoma mjini hutakosa. Ioshe ndani vizuri. Isimamishe usawa wa pipa, mpira wa juu uchukue maji ya moto karibu na mdomo wa pipa, chini kidogo ya usawa wa maji, na mpira wa chini uyarudishe katikati ya pipa. Maji yaliyopoa ni mazito, yatashuka na kuyavuta ya moto nyuma yake bila pampu, mradi mipira ni minene na haina mahali inapopinda juu hewa ikakwama. Mbele ya radieta weka feni inayovutwa na mkanda kutoka kwenye injini, ivute hewa safi ya nje, mbali na bomba la moshi, na kuisukuma ipite katikati ya radieta hadi chini ya kitanda cha wavu wenye mahindi ya kina cha sentimita 20 hadi 30. Mkanda na feni vifunikwe kwa wavu wa chuma, kwa sababu ya leso na watoto.

Kinachokausha hasa ni kiu ya ile hewa. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 80, kama ya siku ya mvua huko kwenu, ukiipasha ifike nyuzi 40 unyevu wake unashuka hadi karibu asilimia 25. Mvua inanyesha nje, na mahindi yako yako kwenye hewa kavu kuliko ya Januari.

Utakausha kiasi gani? Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18 linapaswa kupoteza karibu kilo tano za maji lifike 13.5, kiwango cha kuhifadhia. Kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kunataka yuniti tatu, lakini vikaushio vya kujitengenezea hupoteza nusu ya joto, kwa hiyo hesabu sita. Ukifanikiwa kunasa nusu ya joto la maji, injini ikinguruma saa sita, utapata magunia matatu kwa siku. Hayo ni makadirio yangu, na yanategemea jambo moja ambalo hukuniambia: je, injini inakimbia mfululizo? Pipa lako linahitaji zaidi ya saa mbili ili lipate moto vizuri. Ukiwasha kwa gorogoro mbili na kuzima, maji yatabaki vuguvugu na feni itapuliza hewa baridi. Kusanya wateja, usage kwa mfululizo.

Tahadhari mbili. Mdomo wa pipa usizibwe kamwe. Mvuke uliofungiwa hupasua chuma. Na usiipoze injini kupita kiasi: dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi haiungui vizuri, hujaza masizi na kuharibu oili. Maji ya juu yakishuka chini ya nyuzi 70, toa mkanda wa feni.

Kwa maji ya kuoga, mwambie mzee asiyachote pipani. Yana kutu na mafuta, na kila ndoo unayoichota unaijazia maji mapya yenye chumvi inayoganda ndani ya injini. Zungusha bomba la kopa ndani ya pipa kama chemchemi ya godoro, maji safi yapite humo na kutokea bafuni. Hivyo ndivyo wanavyofanya Menengai, Nakuru, kwenye visima vya mvuke wa ardhini: maji ya kisima hayagusani na maji safi yanayopasha moto maziwa, yanagusana na chuma tu.

Kabla ya kununua chochote, kagua kinu. Nyundo butu, chekecheke lililoziba, mkanda uliolegea na noseli (mdomo wa kunyunyizia dizeli) inayotonesha vinakula dizeli ambayo hakuna radieta itakayoirudisha. Moshi mweusi ndio ushahidi.

Kupima ukavu, kama huna kipima unyevu, tia punje kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, utikise dakika chache, kisha uiache itulie. Chumvi ikinata ukutani, unyevu bado uko juu ya asilimia 15. Rudisha kitandani. Yale magunia manne ya mwaka jana, kama bado yapo, usiyasage wala kuwapa kuku: sumukuvu haitoki kwa joto lolote utakalolipata hapo kinuni.