Maswali na Majibu: Makala za Kununua na Majarida ya Jina la Wizi

Barua za mwezi huu zimetoka Malindi, Mambrui na Lamu, na takriban zote zinazunguka jambo moja: makala ya kisayansi ikishachapishwa, mtu atajuaje kama ni ya kweli? Maswali tumeyafupisha na majina ya waulizaji tumeyaacha.

Nasoma uzamili, nakaa Barani, Malindi. Jarida moja limeniandikia kwamba litanichapishia makala kwa siku tano kwa dola 120. Nimeitafuta ISSN yao na kweli ipo. Nilipe?

Usilipe. ISSN ni nambari ya usajili tu, kama ile ya bodaboda: inakuonyesha chombo kimesajiliwa, haikuonyeshi anayekiendesha. Chapisho lolote la mfululizo laweza kuiomba na kupewa, liwe la fizikia au la mapishi.

Nambari ya kubuni utaiumbua kwa kalamu na karatasi. Chukua tarakimu saba za mwanzo, zizidishe kwa 8, 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mpangilio huo, jumlisha, gawanya kwa 11, kisha utoe baki kutoka 11. Jibu ndilo tarakimu ya nane. Jarida la Nature ni 0028-0836. Kuzidisha kunatoa 0, 0, 12, 40, 0, 24 na 6, jumla 82. Ukigawanya kwa 11 inabaki 5, na 11 ukitoa 5 ni 6. Imekubali. (Jibu likiwa 10 huandikwa X, likiwa 11 huandikwa 0.)

Lakini tapeli mwenye akili habuni nambari, anaiba. Hutafuta jarida halisi, mara nyingi dogo la chuo fulani ambalo tovuti yake ni dhaifu au haipo kabisa, akafungua tovuti yenye jina lilelile na ISSN ileile, akaanza kukusanya ada. Mtafiti Anna Abalkina ameyafuatilia majarida haya yaliyotekwa majina, na orodha yake inasomwa bure kupitia Retraction Watch, tovuti inayofuatilia makala zilizobatilishwa. Anzia hapo. Kisha fungua ISSN Portal, tovuti ya usajili wa ISSN, andika nambari, usome jina la jarida na nchi lilikosajiliwa, ulinganishe na yale waliyokuandikia. Anwani ya tovuti ikiwa imewekwa, ilinganishe herufi kwa herufi.

Halafu chukua DOI (nambari ya kudumu ya kutambulisha makala) za makala tatu au nne zao na uzibandike kwenye doi.org. Zikikataa kufunguka, au zikafungua makala nyingine kabisa, umeshapata jibu. Tazama pia kikoa cha tovuti, yaani jina lake la mtandaoni, kilisajiliwa lini. Huduma za WHOIS hutoa tarehe hiyo bila malipo. Jarida linalojinadi kuwa lipo tangu 1987, huku kikoa chake ni cha mwaka jana, lina la kueleza. Mwisho, mwandikie mhariri mkuu kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo anachofundisha. Wengine watakujibu kwamba hawajui jina lao limefikaje huko.

Umeona kwamba katika hatua zote hizo hatukugusa kiungo hata kimoja walichokupa wao. Ndivyo inavyotakiwa.

Ama hizo siku tano, hazitoshi hata kuwapata wahakiki, yaani wataalamu wanaoipima makala kabla haijachapishwa. Mhariri hutafuta angalau wawili, wengi hukataa, waliokubali husoma, huandika, nawe unarekebisha. Ni wiki kadhaa, mara nyingi miezi. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon aliandika makala ya uongo yenye makosa ambayo mhakiki makini asingeyapita, akaituma kwa majarida 304. Majarida 157 yaliikubali.

Kuna kikundi mtandaoni kinachouza nafasi za uandishi: makala iko tayari, unalipia jina lako liwekwe, na bei inategemea umekaa wa ngapi. Mimi kazi yangu ni kuwaandikia watu makala kwa malipo. Je, nami nimo?

Kama unachoandika kinatoka na jina la mtu ambaye hakufanya utafiti, umo. Kumsahihishia mtafiti Kiingereza chake kwa malipo ni kazi halali. Kumtungia matokeo si kazi, ni kughushi, hata kama malipo ni shilingi chache na anayekula faida yuko mbali.

Kiwanda cha makala, yaani kikundi kinachotunga makala za uongo na kuziuza, huanza na kiolezo: protini fulani huzuia kukua kwa saratani fulani. Unabadilisha protini, unabadilisha saratani, una makala mpya. Maneno huibwa kutoka makala za watu na kupitishwa kwenye programu ya kubadilisha visawe ili mitambo ya kunasa wizi isiyatambue. Hapo ndipo huzaliwa vituko. Mwaka 2021 watafiti Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov walionyesha makala ambazo saratani ya matiti imegeuka “hatari ya kifua” na akili bandia imekuwa “fahamu ghushi”. Hakuna daktari anayezungumza hivyo. Wakatengeneza programu inayosaka misemo ya namna hiyo katika majarida ya dunia nzima.

Makala ikiwa tayari, nafasi za majina hutangazwa na kuuzwa. Ndiyo maana utakuta waandishi watano wa nchi nne, mmoja mhandisi, mwingine wa kilimo, mwingine wa meno, wasiowahi kuandika pamoja kabla wala baada. Alama nyingine ni majina kuongezwa wakati makala imeshakubaliwa.

Kisha inabidi uhakiki udanganywe. Majarida mengi humruhusu mwandishi kupendekeza wahakiki. Kiwanda hupendekeza profesa wa kweli, ila barua pepe yake ni ya kubuni, imefunguliwa na kiwanda chenyewe. Ripoti hurudi upesi, imejaa sifa. Mwaka 2017 jarida la Tumor Biology lilibatilisha makala 107 kwa pamoja kwa sababu ya uhakiki wa namna hii.

Hatua ya nne ndiyo mbaya kuliko zote: kumvuta mhariri mwenyewe upande wa kiwanda. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la PNAS mwaka 2025 uliangalia jarida la PLOS ONE na kukuta wahariri 45 walioshughulikia asilimia 1.3 tu ya makala zote, lakini mikononi mwao zilipita asilimia 30 ya zile zilizobatilishwa baadaye. Uchambuzi huohuo ulikadiria kwamba makala zinazoshukiwa kutoka viwandani huongezeka maradufu kila mwaka mmoja na nusu. Matoleo maalumu yanayosimamiwa na wahariri waalikwa yamekuwa mlango mpana zaidi. Kampuni ya kuchapisha majarida ya Hindawi, iliyonunuliwa na kampuni nyingine, Wiley, mwaka 2021, ilibatilisha zaidi ya makala 8,000 mwaka 2023 peke yake, nyingi kutoka matoleo hayo, na Wiley ikaliacha jina la Hindawi.

Wanunuzi si wote wabaya wa moyo. Daktari anayeambiwa hatapanda cheo bila makala, ilhali zamu zake hospitali hazimwachii hata saa moja ya utafiti, atanunua. Vyuo vinavyohesabu pointi kwa idadi ya makala bila mtu kuzisoma ndivyo vinavyoliendesha soko hili.

Mimi ni muuguzi Lamu. Wakati wa Korona watu walituletea makala kwenye WhatsApp kwamba ivermectin, dawa ya minyoo, inazuia vifo. Makala ya uongo yaweza kweli kufika hospitali?

Imefika. Makala moja ya awali kutoka Misri, iliyowekwa mtandaoni mwishoni mwa 2020 kabla ya kuhakikiwa, ilidai vifo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliyekuwa London aliambiwa aichambue kama zoezi la darasani. Faili la data lilikuwa limefungwa kwa nenosiri. Alijaribu 1234, likafunguka. Ndani yake mlikuwa na wagonjwa waliojirudia mstari kwa mstari, na wengine wameandikwa walifariki kabla ya utafiti kuanza. Makala iliondolewa Julai 2021. Lakini ilikuwa imeshachanganywa kwenye uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, na tafiti zisizoaminika zilipotolewa humo, ile nafuu ya kuokoa maisha ikatoweka.

Tatizo la WhatsApp ni kwamba PDF haijisahihishi. Nakala iliyopakuliwa kabla ya kubatilishwa itazunguka miaka na miaka ikiwa safi kabisa. Kwa hiyo nakili DOI iliyo ukurasa wa kwanza, ibandike kwenye doi.org, usome ukurasa ulio hai. Makala iliyobatilishwa huwa na tangazo juu yake. PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, nayo huliweka waziwazi. Ukiwa na shaka zaidi, ibandike DOI hiyohiyo kwenye PubPeer, tovuti ya kujadili makala zilizochapishwa, uone kama wataalamu wameihoji. Wanaotunza marejeo yao kwa programu ya Zotero huonywa bila kuomba, maana imeunganishwa na hifadhidata ya Retraction Watch.

Niliajiriwa Mambrui kujaza madodoso 40 ya wavuvi. Wenzangu walikaa chini ya mwembe wakayajaza wenyewe. Msimamizi anaweza kujua?

Anaweza, akitaka. Tatizo ni kwamba wengi hawatazami. Dodoso likijazwa kwa simu kupitia programu za kukusanya data kama KoboToolbox au ODK, muda wa kuanza na kumaliza huweza kuhifadhiwa. Mahojiano ya maswali 60 yaliyokwisha kwa dakika tatu hayakuwa mahojiano, na fomu kumi zenye majira ya GPS ya mti mmoja zinajieleza.

Hata kwenye karatasi kuna alama. Mtu anayebuni huogopa kuacha pengo, kwa hiyo hakuna jibu hata moja lililokosekana, wakati mvuvi wa kweli husema sijui, hukataa kutaja mapato, huondoka katikati ya maswali maji yakianza kupwa. Mtu anayebuni pia hukwepa majibu ya ajabu: kila mvuvi ana watoto wanne hadi sita, hakuna asiye na mtoto wala mwenye kumi na mmoja. Usimshuku mtu kwa sababu tu namba zake zinaishia 0 au 5. Wahojiwa wa kweli nao hukadiria kilo 10, 15, 20. Pima hivi: linganisha fomu za mhojaji mmoja na za mwenzake katika kijiji hichohicho. Zake zikiwa zimefanana mno, warudie wahojiwa wachache kwa simu au kwa miguu. Kurudia moja katika kila kumi kunatosha kumtia hofu mvivu, mradi watu wote waambiwe tangu siku ya kwanza kwamba kutakuwa na marudio.

Nafundisha hesabu na sayansi Mokowe. Kuna kipimo ambacho wanafunzi wangu wanaweza kukifanya bila kompyuta?

Kipo, kinaitwa GRIM, cha watafiti Nick Brown na James Heathers. Tuseme makala inasema wavuvi 28 walipewa swali la alama 1 hadi 5, na wastani ukawa 3.47. Alama ni namba kamili, basi jumla yake lazima iwe namba kamili. Zidisha 3.47 kwa 28, unapata 97.16. Jaribu zilizo jirani: 97 gawanya kwa 28 ni 3.46, 98 gawanya kwa 28 ni 3.50. Hakuna jumla inayotoa 3.47, kwa hiyo wastani huo hauwezekani. Inawezekana ni kosa la uchapaji, au mtu mmoja hakujibu swali hilo, kwa hiyo usikimbilie kumwita mtu mwongo. Wastani kama huo ukijitokeza mara sita kwenye jedwali moja, hapo uliza data. Kwa wastani wa desimali mbili, kipimo hiki hufanya kazi watu wakiwa chini ya 100.

Kwa upande wa picha, mtafiti Elisabeth Bik na wenzake walipitia kwa macho makala 20,621 na kuripoti mwaka 2016 kwamba asilimia 3.8 zilikuwa na picha zilizorudiwa isivyofaa. Ongeza mwanga na utofauti wa rangi kwenye simu, acha kutazama kitu kikubwa kilicho katikati, tazama vumbi na madoa ya pembeni. Doa likirudi mahali palepale kwenye picha mbili zinazodaiwa kuwa za sampuli tofauti, au likarudi likiwa limepinduliwa kama kwenye kioo, ni picha moja.

Jarida linasema “Impact Factor” yake ni 7.8. Ni kweli?

Impact Factor ni wastani wa mara ambazo makala za jarida hutajwa na makala nyingine. Itafute katika Journal Citation Reports, orodha ya kampuni ya Clarivate. Isipokuwemo humo, ni ya kujipa. Hata iliyomo huchezewa. Mwaka 2013 majarida manne ya Brazili yaliondolewa kwenye orodha hiyo kwa kutajana kwa mpango, hili likilitaja lile ili wote wapande.

Nimeshalipa, na makala imeshatoka kwenye jarida la kitapeli. Nifanyeje?

Waandikie barua pepe fupi ya kuiondoa makala, utaje tarehe na kichwa chake, utunze nakala. Wakidai ada ya kuiondoa, usitoe. Ukilipa hiyo watadai nyingine. Kama ulilipa kwa kadi, nenda benki mapema ukalete pingamizi, ukiwa na picha za ahadi zao na za tovuti, kwa sababu muda wa kupinga malipo una kikomo. Usiitume makala hiyohiyo kwa jarida jingine kimyakimya, maana itanaswa kama chapisho la mara mbili na kosa litakuwa lako. Mweleze mhariri mpya tangu mwanzo ilivyokuwa. Wengine hukubali, wengine hukataa. Data bado ni yako, na waweza kuitumia kwenye tasnifu. Msimamizi wako mwambie wiki hii, kabla hajaiona mwenyewe kwenye Google Scholar.