Kwa mnaoanza kazi ya kuchenjua kinywe Ruangwa

Wadogo zangu mnaotoka VETA Lindi, VETA Mtwara au Chuo cha Madini Dodoma mkitafuta kazi kwenye kinywe (grafiti) cha Ruangwa, kuna jambo moja ambalo karibu kila mgeni hulikosea. Anadhani magamba makubwa yanayong'aa, yale unayoyaona kwa macho kwenye mwamba, ndiyo yanayokwenda kwenye betri za magari ya umeme. Sivyo. Magamba yanayozidi mikroni 300 (mikroni elfu moja ni milimita moja), ambayo sokoni huitwa jambo, kutoka neno la Kiingereza jumbo, yana wateja wao: watengenezaji wa matofali ya tanuru za chuma, wa vyungu vya kuyeyushia metali, na wa vifaa vya kuzuia moto. Betri hula zaidi unga mdogo, ule wa chini ya mikroni 150.

Mbona basi tunahangaika kulilinda gamba kubwa? Kwa sababu tani yake inalipa zaidi. Mtu wa Kusini hahitaji somo refu hapa: korosho nzima na iliyovunjika hazina bei moja, na ikishavunjika hakuna wa kuiunga.

Gamba huvunjikia kwenye kinu. Mwamba husagwa kwa upole, kisha huingia kwenye matangi ya povu. Kinywe kwa asili yake hakipendi maji. Ukitia dizeli au mafuta ya taa kidogo, pamoja na dawa ya kutoa povu, kinashika mapovu na kupanda nayo, na mchanga unabaki chini. Kinachokusanywa juu husagwa tena taratibu ili kung'oa uchafu uliojificha katikati ya magamba, kisha kinaeleshwa tena, mara kadhaa, mpaka makinikia, yaani kinywe kilichokwisha kuchenjuliwa, yafike kaboni asilimia 94 hadi 97.

Hapo ndipo shifti za vijana hupotea. Usafi umeshuka, msimamizi anapiga simu, kijana anaongeza kusaga. Kweli usafi unapanda na anasifiwa. Majibu ya chekeche yakija, jambo imepungua na unga umejaa, na bei ya mzigo imeshashuka wala hakuna aliyegombana na mtu. Kwa maoni yangu, mwendeshaji anayejua kazi yake husoma karatasi mbili kwa pamoja, ya usafi na ya ukubwa wa magamba. Ukiletewa moja tu, nenda maabara kadai ya pili, hata wakikuona msumbufu.

Na ule unga wa betri? Asilimia 95 kwake bado ni uchafu. Kiwanda cha hatua inayofuata huuviringisha uwe vipira vya mikroni 10 hadi 20 hivi, na katika kuviringisha huko nusu ya mzigo au zaidi hutoka kama vumbi. Vipira husafishwa mpaka asilimia 99.95, ama kwa asidi ya hidrofloriki, ambayo ni hatari kwelikweli, ama kwa tanuru la nyuzi zaidi ya 2,500. Halafu hufunikwa kwa utando mwembamba wa kaboni, ndipo vipakwe kwenye karatasi ya shaba kuwa anodi, upande hasi wa betri. Gari moja hubeba makumi ya kilo za kinywe, kwa uzito kinazidi hata lithiamu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika China, ambayo tangu tarehe 1 Desemba 2023 inadai kibali kwa kinywe cha aina hiyo inachouza nchi za nje. Ng'ambo ya Ruvuma, kwa jirani zetu wa Msumbiji, kuna mgodi wa kinywe wa Balama, na kampuni inayoumiliki ina kiwanda cha anodi Vidalia, Marekani. Anayetaka siku moja kazi ya namna hiyo ifanyike hapa Kusini ajifunze kemia na usalama wa asidi tangu sasa, maana kuendesha kinu peke yake hakutamfikisha huko.

Kuhusu vumbi nitasema kwa ukali. Kinywe hupitisha umeme. Usisafishe paneli kwa kupuliza hewa ya kompresa. Unalisukuma vumbi ndani kabisa, na shoti itakuja shifti ya mwenzako. Tumia mashine ya kufyonza, umeme ukiwa umezimwa na kufungwa kwa kufuli. Sakafu nayo huteleza, kwani kinywe ni kilainishi. Lakini linaloua polepole ni vumbi la kwatzi, madini magumu yaliyomo kwenye mwamba, kwenye eneo la kuvunjia mawe: likishaharibu mapafu hayaponi. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Wapo wanaojivunia uso mweusi mwisho wa shifti, mimi sioni cha kujivunia.

Mkipelekwa maabara, mjue kipimo cha kuchoma. Sampuli iliyokauka huchomwa kwenye tanuru la nyuzi 950 hivi, na uzito uliopotea huhesabiwa kuwa kaboni. Mwamba wenye chokaa utakudanganya, maana chokaa nayo hupoteza uzito kwa kutoa hewa ya kaboni, na namba itapanda bure. Uliza kama mwamba wenu unayo. Na mfuko wa tani moja usichotwe juu juu: magamba makubwa na unga hujitenga njiani lori linapotikisika. Chomeka mrija mpaka chini, pande kadhaa, kisha changanya kabla ya kugawa.